Filimbi ya Mtoto Haidai Mpingo

Mtoto wa shule ya msingi katika mitaa ya magharibi ya Nairobi anapoambiwa na mwalimu wake aje na filimbi siku ya Jumatatu, mzazi huenda dukani, akalipa, akarejea na kibomba cha plastiki kilichotengenezwa ng'ambo. Na katika kwenda na kurudi kwake, iwapo anakaa Satellite na duka liko Kawangware, atakuwa amepita kando ya karakana za maseremala wa Barabara ya Naivasha, ambao kila jioni hufagia vipande vya mgrivea, mjakaranda na saipresi vyenye urefu wa shubiri au zaidi, wakavijaza maguniani vikangoja mnunuzi wa kuni. Rai yangu, ambayo ningependa wazazi, walimu na maseremala waipime kwa insafu, ni kwamba filimbi iliyo bora kwa mtoto huyo imo ndani ya magunia hayo. Na kwamba tunazuiwa kuiona na dhana mbili zilizo kinyume, moja ikisema kwamba kitu kinachotumiwa kutengenezea filimbi si hoja hata kidogo, na ya pili ikisema kwamba filimbi ya mti haina sauti ya kupendeza isipokuwa imechongwa katika mti wa thamani kubwa, mfano wa mpingo.

Kila moja ya dhana hizo ina chembe ya ukweli, nami nitaanza na ile ya kwanza, kwa kuwa wataalamu wa elimu ya sauti wamekwisha kuitolea ushahidi. Ngoma hulia kwa ngozi yake na zeze kwa uzi na kibuyu chake, yaani mwili wa ala ndio utetemao na kuisukuma hewa iliyo nje. Filimbi haiko hivyo. Pumzi ikipita katika mwanya mwembamba ikagonga ukingo mkali wa tundu, huyumba juu na chini ya ukingo ule, mara nje mara ndani, na kuyumba huko huitikisa hewa iliyofungiwa katika uwazi wa filimbi. Hewa hiyo ndiyo iimbayo, na urefu wa uwazi ndio uamuao sauti iwe nene au nyembamba. Uwazi wa sentimita 9 uliozibwa mwisho wake, kwa hesabu ya karibu, hutetemesha hewa mara 950 hivi kwa sekunde, uwe umechimbwa katika mti, katika mfupa au katika chuma. Mwaka 1964 mwanafizikia wa Marekani, John Backus, alitangaza matokeo ya kupima mtetemo wa kuta za klarineti, akaonyesha kwamba athari yake katika sauti ni ndogo mno. Na mwaka 1971 mwenzake John Coltman aliandika habari za filimbi tatu za kipimo kimoja, moja ya fedha, moja ya shaba na moja ya mti, zilizopigwa bila ya kuonekana ni ipi, na si wasikilizaji wala wapigaji hodari walioweza kuzibagua. Mwenye kudai kwamba mpingo una sauti yake na mjakaranda hauna, anawiwa jawabu na watu hao wawili.

Basi je, mambo yamekwisha, na plastiki imeshinda? Hata kidogo. Filimbi za Coltman zilifanana kwa sababu alihakikisha kwamba zinafanana: ukingo mmoja, upana mmoja, ulaini mmoja wa ndani, kazi ya mtu mwenye vyombo vya kupima na wasaa wa kupima. Mti ukiwa mkononi mwa fundi mwenye kisu, keekee na kipande cha msasa, hauwi tena kitu kisichokuwa na neno. Kila mti humruhusu fundi jambo moja na kumkataza jingine, na hapo ndipo tafauti ya sauti inapoingia, si kwa kuwa mti unaimba, bali kwa kuwa mti unakubali au unakataa kushika umbo ambalo kwalo hewa huimba. Ukingo usiposhika makali, pumzi hutawanyika na mlio ukajaa mvumo wa upepo. Ndani ya uwazi mkiwa na nyuzi za mti zilizosimama kama manyoya, au vinyweleo vinavyopitisha hewa, nguvu ya sauti hupotea humo humo. Na mate, ambayo filimbi haikwepi, huvimbisha mti mmoja kwa dakika chache na mwingine hayaugusi kwa muda wa saa nzima.

Nimekaa mara nyingi katika karakana ya fundi mmoja wa Satellite, mtu wa makamo ambaye riziki yake ni vitanda na kabati, naye amezoea kuwachongea filimbi watoto wa jirani wanapotoka shule. Ustadi wake huonekana katika sehemu ndogo kabisa. Huchukua kipande cha mti kinachojaa kiganjani, akakitoboa kwa keekee toka upande mmoja bila ya kukitokeza upande wa pili. Kisha hukata dirisha kwa msumeno wima, kiasi cha sentimita 2 kutoka mdomoni, akalichonga kwa patasi kwa mteremko mpaka ukingo wake ukabaki mwembamba kama ukucha. Baada ya hapo huchonga kijiti cha mviringo kinachoingia mdomoni mwa tundu kwa kubana, akakipara juu tu, mparo mmoja au miwili, ili ubaki mwanya wa kupitisha pumzi. Hapo hujaribu. Ikitoa mvumo bila ya mlio, hasemi neno, hukichomoa kijiti akakipara tena, akakirudisha, akapuliza, na mara ghafla filimbi hulia. Binti mmoja aliyekuja na filimbi yake ya saipresi aliyochongewa wiki iliyotangulia alimuuliza, "Fundi, mbona hii yangu imenyamaza?" Naye akaigeuza mwangani, akapitisha kidole katika dirisha, akajibu, "Ukingo umekunywa mate, mwanangu. Saipresi ina mshipa mlaini na mshipa mgumu. Ule mlaini umevimba." Akaikausha juani, akaukata upya ukingo, na ikalia.

Katika maneno hayo machache mna elimu yote ya jambo hili. Saipresi, ambayo ndiyo mbao ya kawaida ya ujenzi mjini, hukua haraka, na duara zake za mwaka hupishana, laini na ngumu, kiasi kwamba patasi ikipita huchimba upande mmoja na kuruka upande wa pili. Mlio wake ukiwa mkavu ni mtamu na wenye joto kidogo, lakini haudumu. Mjakaranda, mti mgeni kutoka Amerika ya Kusini unaozifunika barabara zetu kwa zambarau kila ifikapo Oktoba, ni mlaini pia, illa nyuzi zake zimelingana. Huchongeka kwa kisu cha kawaida, na kwa sababu hiyo ndio mti wa kumfundishia mtoto, ijapokuwa ukingo wake hutaka kunolewa mara kwa mara. Mgrivea, uliotoka Australia ukaletwa kuwa kivuli cha kahawa na chai na sasa umesimama katika mipaka ya mashamba yote kuanzia Waithaka hadi Kikuyu, una madoa ya kupendeza na nguvu ya wastani, bali ukikatwa kinyume cha nyuzi huchanika, na ndani ya tundu huacha manyoya ambayo hayaondoki kwa msasa peke yake. Mkalitusi nisingemshauri mtu autumie: hupasuka unapokauka, na ufa mwembamba usioonekana kwa jicho unatosha kuizima filimbi.

Juu ya miti hiyo iko miti migumu ya nyanda hizi hizi zetu. Mzeituni mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu, ni mzito kukaribia uzito wa maji, nyuzi zake zimeshikana, na ukingo uliokatwa humo hukaa. Filimbi yake hujibu pumzi ndogo, na mlio wake ni safi pasipo mvumo. Muhugu, wenye harufu nzuri, ulioko katika misitu mikavu ya Karura na Ngong, haupungukiwi na sifa hizo, na ndiyo maana wachongaji wa Kikamba waliupenda kwa vinyago vyao mpaka ukaadimika. Nao mpingo umeizidi miti yote hiyo: uzito wake hupita ule wa maji, hata ukitupwa ndani huzama, mafuta yake ya asili huyakataa mate, na ukingo wake hukatika kama wa chuma na kubaki hivyo miaka mingi. Mabwana wa Ulaya wanaotengeneza klarineti na oboi hawakuuchagua kwa upendeleo, bali kwa kuwa ala ndefu yenye matundu mengi na chuma juu yake, inayopulizwa saa nyingi kwa siku, inadai mti usiojongea hata unywele mmoja.

Sasa tazama: sifa zote nilizoutolea mpingo ni sifa za kudumu na kushika umbo, wala hakuna hata moja iliyo sifa ya kuimba. Hapa ndipo dhana ya pili inapoanguka. Ikiwa ubora wa mti mgumu ni kwamba haunywi maji na haupotezi makali, basi swali kwa fundi wa filimbi ndogo ya mtoto ni hili tu: je, mti laini waweza kusaidiwa kufanya hivyo? Waweza. Watengenezaji wa filimbi za shule huko Ulaya, ambao hutumia sana miti ya wastani kama vile mpea, huichovya katika nta iliyoyeyushwa ikajaza vinyweleo vyote. Na sisi tunayo nta ya nyuki, ambayo fundi akiyeyusha kijiko kimoja na kukizungusha ndani ya tundu la mgrivea, manyoya yote hulala, uso wa ndani ukawa laini, na filimbi iliyokuwa ikilia kwa kukohoa ikawa na mlio uliokamilika. Nimeisikiliza filimbi moja kabla na baada ya nta, kwa pumzi ile ile na ukingo ule ule, na tafauti ile hata mtu asiye na sikio la muziki angeitambua.

Iko sehemu moja ya filimbi ambayo mti mgumu haufai kabisa, nayo ni kile kijiti cha mdomoni. Kijiti hicho hukaa ndani ya unyevu wa pumzi, na kikiwa cha mti unaovimba, huziba mwanya au hupasua filimbi. Kikiwa cha mti mgumu wenye mafuta, matone ya maji hujikusanya juu yake na kuzuia hewa. Mafundi wa Ulaya wanaotengeneza rekoda, filimbi ya wima iliyofufuliwa huko mwanzoni mwa karne ya 20 na kuenea mashuleni kwa plastiki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hukichonga kijiti hicho kwa mti wa jamii ya mtarakwa wa Amerika, hata kama mwili wa filimbi ni mpingo mtupu, kwa kuwa mti huo hunywa maji kidogo kidogo pasipo kuvimba sana. Mtarakwa wetu, ndugu wa mti huo, ndio uliopelekwa ng'ambo zamani kutengenezewa penseli; na hapana haja ya kukata hata tawi moja la msitu kuupata, maana nguzo kuukuu za nyua na mabanzi ya nyumba za zamani za Dagoretti zilizovunjwa kupisha ghorofa ni mtarakwa mkavu wa miaka mingi, usioliwa na mchwa, unaotupwa.

Ninasema hayo kwa mkazo kwa sababu mpingo una wenyewe na una kazi yake. Huchukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia ukubwa wa kukatwa, na katika gogo zima ni sehemu ndogo tu iliyonyooka na isiyo na ufa inayofaa kwa ala. Huko Kilwa, kusini mwa Tanzania, vijiji viliingia katika utaratibu wa kuvuna kwa kipimo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, ili fedha ya gogo imfikie mwanakijiji aliyeulinda mti. Jamii yote ya mpingo iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilio hatarini tangu Januari 2017, na ala zilizokwisha tengenezwa zikaachiliwa katika marekebisho ya mwaka 2019. Mti wenye historia hiyo haukatwi kwa ajili ya mlio wa mtoto wa darasa la nne ambao mgrivea na nta vinaweza kuutoa. Wachongaji wa vinyago walitutangulia katika hekima hii: muhugu na mpingo vilipowaishia, katika miaka ya 1990 wengi wao waligeukia mwarobaini, mjakaranda na mwembe, na kazi yao ikaendelea kuuzwa.

Wala mtu asidhani kwamba habari hii ya kuchagua kitu cha kutengenezea filimbi ni bidaa iliyoletwa na vitabu. Wadigo na ndugu zao wa Mijikenda wana chivoti, filimbi ya kulazwa iliyokatwa katika mwanzi, ambao Mungu amekwisha kuutoboa na kuulainisha ndani, ikabaki kazi ya matundu tu. Nzumari ya pwani, kutoka Lamu hadi Kaya za Wagiriama, mwili wake ni wa mti mgumu, lakini sauti yake kali itangazayo arusi hutoka katika ulimi mdogo wa ukuti. Ukiharibika ulimi, mti hausaidii kitu. Na kaskazini, Waborana wanaotafuta asali humwita ndege mwonyesha asali kwa mlio mkali wanaouita fuulido, wakiupuliza katika ngumi zilizofumbatwa, katika kombe la konokono au katika kokwa la mkoma lililotobolewa. Hussein Isack, mtafiti Mkenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walieleza mwaka 1989 kwamba mlio huo husikika zaidi ya kilomita moja, na kwamba mwenye kuongozwa na ndege hupata mzinga kwa saa 3 hivi, ilhali asiyeongozwa hutafuta karibu saa 9. Ngumi, kombe na kokwa: vitu vitatu visivyofanana hata kidogo, na ndege huviitikia vyote.

Najua hoja ambayo mwalimu wa muziki atanitolea, nayo ni nzito kuliko zote. Mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini mwaka 2019 unamtaka mwanafunzi ajifunze rekoda, na rekoda ya plastiki, hata iwe rahisi namna gani, imekwisha kupangwa sauti. Watoto 50 wakipuliza noti moja, hutoka noti moja. Filimbi 50 za mkono zitatoa noti 50. Hoja hii ni ya kweli kwa mwenye kutaka kila mtoto apige wimbo mzima peke yake, na kwa somo hilo rekoda ibaki, sidai ifukuzwe. Lakini muziki wa sehemu zetu za Afrika unao utaratibu mwingine, wa kumpa kila mtu noti moja na kuufuma wimbo katikati ya watu. Makondere ya Buganda na Bunyoro, pembe za vibuyu zilizopigwa katika nyua za wafalme, hupangwa hivyo: kila mpigaji ana sauti yake moja na wakati wake mmoja, na wimbo haumo kinywani mwa yeyote, umo baina yao.

Kwa filimbi za mti jambo hilo ni jepesi ajabu, na hesabu yake inafaa somo la asubuhi kabla ya lile la muziki. Chimba uwazi wa milimita 90 kwa kundi la kwanza la watoto, 80 kwa la pili, 72 kwa la tatu, 60 kwa la nne na 54 kwa la tano, tundu zote kwa keekee ya upana mmoja, nawe utakuwa na ngazi ya sauti tano ambayo nyimbo nyingi za asili hapa kwetu zinaingia ndani yake. Vipimo hivyo havitatoka sawasawa mara ya kwanza, kwani dirisha nalo huongeza urefu wake kidogo. Basi toboa tundu kwa kina kilichozidi kidogo, ukadondoshe nta ya moto chini, tone baada ya tone, na sauti itapanda mpaka ikutane na ile ya jirani. Mtoto aliyefanya kazi hiyo kwa mikono yake atakuwa amejifunza sehemu na uwiano, atakuwa amejua kwa nini mgrivea huchanika na mutamaiyu hauchaniki, na atalazimika kumsikiliza mwenzake, kwa kuwa noti yake pekee haifanyi wimbo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 na ambalo kila mwaka huzikutanisha shule za nchi nzima, lina nafasi ya kundi la namna hiyo.

Sharti moja halina ruhusa. Filimbi huingia kinywani, kwa hiyo mti wake ujulikane. Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya mchwa, na nguzo za umeme zenye rangi ya kijani, zikae mbali na watoto kabisa. Vumbi la mvule na la mpingo huwasha pua na ngozi za baadhi ya watu, nalo halifai kupulizwa darasani. Na vijiti vilivyokatwa ovyo katika nyua za mtaani visitumiwe, maana msunguti, ambao Wakamba na Wagiriama waliuchemsha kuwa sumu ya mishale, huota katika viunga vya Nairobi, na oleanda yenye maua ya waridi imepandwa kwa pambo katika mageti mengi. Seremala anajua ametoka wapi na kipande chake; kichaka hakisemi.

Kutoka Satellite hadi Muguga, yalipo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, si safari ya nusu siku. Taasisi hiyo imekwisha kuchunguza mbegu, magonjwa na uimara wa mbao za ujenzi, na inayo mashine za kupimia uzito na uvimbe wa kila mti nilioutaja. Ninaiomba ichukue vipande kumi vya miti yetu ya mashambani, mgrivea kwanza, ivichonge tundu la kipimo kimoja, ivipake nta nusu yake na kuiacha nusu, ivipulizie mvuke wa joto la kinywa kwa muda wa muhula mmoja wa shule, kisha itwambie ni ukingo upi uliobaki mkali. Walimu wakuu wa shule za Dagoretti wakiipata orodha hiyo kabla ya Januari, seremala ataambiwa ni gunia lipi asiliuze.